Nilianza na lebo, nikarudishwa kwa sheha

Jumapili iliyopita shoga yangu wa Chake Chake alinipigia simu. Anaoka keki nyumbani kwake, na sasa anataka kazi yake iwe na jina na leseni. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Zile lebo zako ulichapisha wapi?" Nilinyamaza kidogo, maana hilo ndilo swali nililoanza nalo mimi mwishoni mwa 2022, na lilinila karibu mwaka mzima na fedha ambazo nikizihesabu mpaka leo roho inaniuma. Nikamwambia usichapishe kitu, nitakuandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo ili yamfae na mwengine.

Mimi ni wa Wete. Baba yangu alikuwa mpishi wa halua, na anayeijua Pemba anajua kuwa halua ya Wete ina heshima yake. Akipika uani, kwa kuni, kwenye sufuria kubwa ya shaba aliyorithi kwa baba yake. Alipofariki, sufuria ile ilikaa miaka mitatu imefunikwa gunia. Ramadhani ya 2021 mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia mzee kukoroga, akaniambia, "Dada, tuijaribu." Tukanunua sukari, wanga, samli, iliki na lozi kidogo, tukapanga mafiga, tukawasha moto. Ya kwanza ilitoka laini mno, hailiki. Ya pili ikashika. Kufika Idi tulikuwa tumeuza kilo sitini kwa majirani na jamaa peke yao, na mimi nikalia nilipoiramba kwa sababu ilikuwa ile ile.

Hakuna aliyetuuliza karatasi, na hapo ndipo nilipopotea. Kazi za nyumbani kwetu huanza hivyo. Bibi anauza maandazi mlangoni, mama ana cherahani ukumbini, mwenye friji anauza barafu kwa watoto wa skuli. Hapana anayeona kuwa hiyo ni biashara ya kuandikishwa. Unakuja kushtuka uani pana sufuria tatu, magunia ya sukari yamefika dari, na gari ya mizigo inanguruma mlangoni asubuhi mapema. Baina ya jiko la familia na kiwanda hapana mstari uliochorwa chini. Unauvuka huku unakoroga, hujui. Sisi tuliuvuka mwaka wa pili, tulipoanza kupeleka madukani Wete na Chake mara tatu kwa wiki. Nami sikuona kitu, nilikuwa nahesabu kilo.

Kilichonifungua macho ni oda. Kijana wa jamaa zetu anafanya kazi kwenye hoteli moja ya Unguja, akaniambia wanunuzi wao wanataka halua ya Pemba kwenye vibweta vya robo kilo, vibweta arobaini kila wiki. Kwa furaha niliyokuwa nayo, wiki ile ile nikachapisha lebo elfu moja, shilingi mia tatu moja, jumla laki tatu. Nikaweka jina la baba, picha ya sufuria na nambari yangu ya simu. Nilipopeleka kielelezo cha kwanza, hoteli ikauliza mambo matatu: leseni ya biashara, usajili wa chakula, na risiti za kielektroniki. Sikuwa na hata kimoja. Na ile lebo, pamoja na uzuri wake, haikuwa na viambato, wala uzito, wala tarehe ya kutengenezwa, wala ya mwisho wa matumizi.

Nikaanza kukimbia. Wa kwanza kunisaidia alikuwa binamu yangu wa Dar es Salaam, mtu mwenye duka lake na anayejua mambo. "Jina sajili BRELA," akaniambia, "chakula nenda TBS, siku hizi ndio wao." Nikakaa na simu siku nne nasoma maelekezo, najaza fomu, nakwama kwenye vitambulisho. Binamu hakunidanganya. Kwa Bara alikuwa sahihi kabisa: majina ya biashara kule husajiliwa BRELA, na tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa TBS, shirika la viwango. Lakini mimi niko Wete. Kwetu jina la biashara linasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali. Chakula kiko chini ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2006. Viwango ni ZBS, mazingira ni ZEMA. Kodi ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa sababu TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ipo huku pia: kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo TIN, yaani nambari ya mlipakodi, utaichukua kwao, na kodi nyengine za ndani ziko kwa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ambayo mpaka 2022 ilikuwa ikiitwa ZRB na wazee wengi bado wanaiita hivyo. Ukisoma maelekezo yoyote kwenye simu, tazama kwanza yanasema upande gani wa bahari. Yakitaja "mwenyekiti wa serikali ya mtaa" badala ya sheha, ambaye ndiye kiongozi wa mtaa kwetu, funga, hayakuhusu.

Nilipofika BPRA nikaambiwa jina nililolichapisha limeshasajiliwa na mtu mwengine. Kulitafuta jina kama liko huru ni jambo la dakika chache. Mimi nililifanya baada ya kulipa laki tatu. Zile lebo ninazo mpaka leo, mwanangu anachorea nyuma yake. Nikachagua jina jengine, nikapata cheti, na nikafanya kosa la pili ambalo ni kubwa kuliko la kwanza: nikadhani kazi imekwisha.

Na hapa lazima nimtaje kishoka. Kuna mtu alinifuata, akaniambia anajua watu na leseni ataitoa kwa siku tatu, nimpe laki na nusu nikae nyumbani nipike. Nikampa. Siku tatu zikawa tatu nyengine, halafu simu haipatikani. Aliyeniponza si yeye peke yake, ni haraka yangu mwenyewe. Nilikuwa nishaanza kuviona vile vibweta arobaini usingizini. Malipo ya serikali yanatoka na nambari ya malipo na risiti. Asiyeweza kukupa hivyo viwili, usimpe hata nauli.

Wakati namsubiri kishoka, nikajenga. Nilisikia kuwa wakaguzi hawapendi mafiga ya wazi, basi nikaita fundi, tukasimamisha banda la matofali na mabati uani, tukaliegemeza kwenye kiambaza cha upande wa mashariki kwa sababu hapo palikuwa na kivuli na tungeokoa ukuta mmoja. Milioni mbili na laki nne. Sikuchora, sikuuliza, sikuomba kibali. Kiambaza kile, nyuma yake, ni chumba cha kulala cha bibi wa nyumba ya pili.

Mwezi wa pili 2023 nikaenda Baraza la Mji na cheti changu kwenye bahasha mpya. Aliyenipokea ni mama mmoja mtaratibu, akakisoma, akakirudisha, akaniuliza: "Unapikia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Ndani au uani? Moshi unatokea upande gani? Maji ya kuoshea sufuria yanakwenda wapi? Nyumba ni ya nani?"

Sikuwa na jibu hata moja la kumpa bila ya kubabaika. Hakunifokea. Alichukua kipande cha karatasi akaandika: barua ya sheha, ukaguzi wa bwana afya, uhalali wa nyumba, TIN. Akaniambia neno ambalo laiti ningelisikia miezi mitatu nyuma: "Sisi hatutoi leseni ya mtu tu, dada. Tunatoa leseni ya mtu mahali fulani." Jina lilikuwa langu, halua ilikuwa yangu, lakini mahali sikuwa napo. Na kila karatasi niliyokuja kuiomba baadaye iliuliza mahali kwanza.

Nikaenda kwa sheha siku ile ile, nikidhani ni barua ya dakika kumi. Sheha wetu ni mtu mzima, alisoma na baba. Akanikaribisha, akaniuliza hali, akauliza watoto, halafu akafungua daftari lake akalisoma kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umekuja kutaka barua. Lakini hapa kuna mtu alikuja kabla yako, mara tatu, na kila mara nikamwambia astahamili kwa sababu ni watoto wa rafiki yangu."

Alikuwa ni bibi wa nyumba ya pili. Ana pumu. Sisi tulikuwa tunawasha moto saa tisa usiku ili halua ipoe kabla ya gari za asubuhi, na moshi wote wa kuni mbichi ulikuwa unaingia dirishani kwake. Alikuwa akilala barazani kwa binti yake mtaa wa pili, siku zetu za kupika, na mimi nilidhani amekwenda kutembea. Huyu ndiye aliyenifunga mbeleko nilipozaa mtoto wangu wa kwanza. Kwa nini hakuniambia mwenyewe? Sheha akanijibu kuwa aliwahi kuja, akanikuta na wateja, nikampa sahani ya halua nikamwambia bibi tutazungumza baadaye. Nilikumbuka ile sahani. Nilikumbuka hata kuwa niliona nimemfanyia wema.

Nilitoka pale siwezi kutembea vizuri. Sikwenda nyumbani, nilikwenda kwake moja kwa moja, nikamshika miguu. "Sina ugomvi nawe, mwanangu," akaniambia, "ila pumzi sina." Siku ya tatu tukakaa kwa sheha: mimi, mdogo wangu, bibi, mwanawe wa kiume na wazee wawili wa mtaa. Tukakubaliana kuwa banda liondoke kwenye kiambaza chake, tusiwashe moto kabla ya sala ya alfajiri, maji machafu yasimwagwe nyuma ya ua, na gari ya mizigo isimame kwenye njia kubwa badala ya kuingia kichochoroni. Mzee mmoja akauliza na la kuni: tunazitoa wapi? Tulikuwa tunanunua kwa wachuuzi bila ya kuuliza. Akatukumbusha kuwa mkarafuu haukatwi bila ya kibali, na mikoko nayo ina sheria yake ya misitu, na muuzaji akikamatwa mnunuzi naye ataulizwa. Yote yakaandikwa, tukatia saini. Barua nikaipata, na bwana afya alipokuja aliisoma ile hati ya makubaliano kabla ya kuangalia chochote chengine.

Jambo la nyumba sikulitarajia kabisa. Kwetu ardhi yote ni ya umma, ndivyo ilivyo kwenye sheria ya ardhi ya 1992. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na karatasi huonyesha imetolewa kwa matumizi gani. Yetu inasema makaazi. Afisa niliyemuuliza alinieleza kwa upole kuwa nyumba ya kuishi yenye jiko dogo la kazi ndani ya ua wake wanaweza kuitazama kwa namna moja, lakini ikiwa kiwanja kitageuka kiwanda, wafanyakazi wanaingia na kutoka, magari yanapakia, makaazi yamekuwa ya pembeni, basi hapo ni kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi, tena jambo hilo hufanywa kabla ya kujenga. Akanitaka niandike: wapishi wangapi, kilo ngapi kwa wiki, saa ngapi, gari ngapi. Niliandika wapishi watatu na kilo mia moja, nikaambiwa nibaki hapo. Jibu hilo ni la kiwanja chetu na mtaa wetu. Lako nenda kaulize na karatasi yako mkononi.

Lakini karatasi ilikuwa bado na jina la marehemu. Mirathi hatukuigawa. Tumo watano: mimi, mdogo wangu, dada wawili, na kaka mkubwa aliyeko Maskati. Nilihitaji ridhaa yao ya maandishi, nikampigia kaka nikitaraji aseme haya, inshaallah. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo unajenga kwenye nyumba ya baba halafu unaniletea karatasi nitie saini?" Wiki tano hatukusemezana. Ni miongoni mwa wiki ngumu nilizopitia, ngumu kuliko hata za yule kishoka, kwa sababu kaka alikuwa na haki. Angalikuwa amejenga yeye, mimi ningesema hivyo hivyo. Mwishowe dada mkubwa ndiye aliyetupatanisha: tukaandika kuwa banda na vyombo vyake ni vyangu na mdogo wangu, halibadilishi fungu la mrithi yeyote, na siku ya kugawa likibidi kuondoka litaondoka. Kaka akasaini akatuma, na juu yake akatuma fedha za dohani bila ya kuombwa. Kama nyumba yenu ni ya urithi, anzeni hapo. Mkishindwana wenyewe, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa mambo ya mirathi. Lakini maneno ya ndugu yamalizeni kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Tukalivunja banda. Mabati na baadhi ya matofali yalitufaa tena, lakini saruji, ufundi na sakafu vilikwenda, kama milioni moja na nusu. Safari hii nilichora kwanza kwenye karatasi ya daftari, nikaipeleka kwa bwana afya kabla ya kumwita fundi, naye akanisahihishia kwa kalamu yake bure. Mlango mmoja wa kuingiza sukari na wanga, mwengine wa kutolea halua iliyopoa, ili kibichi na kilichoiva visikutane. Sakafu laini inayoosheka na yenye mteremko. Karo ya maji machafu yenye mfuniko. Nyavu madirishani. Bomba la kunawia mikono mbali na beseni la vyombo. Magunia juu ya vichaga, sio chini. Mafuta ya taa yatoke kabisa mle ndani. Mbuzi wetu watafutiwe pahala. Na sisi watatu tukapime afya, choo na vyenginevyo, tuwe na karatasi zetu. Nilisikia watu wakilalamika kuwa wakaguzi wanatafuta makosa. Mimi nasema waliokuwepo 2016, kipindupindu kilipoenea visiwani na uuzaji wa vyakula vya wazi ukasitishwa, wanajua kwa nini mtu anaangalia maji yako yanakwenda wapi.

Kuhusu moto nitasema kidogo zaidi kwa sababu wapishi wengi wananiuliza. Tulihamia gesi kwa ajili ya bibi, tukaacha dohani kwa siku za kuni chache. Mdogo wangu alinuna mwezi mzima: "Halua ya gesi haina harufu ya baba." Ana kweli yake. Kuni hupooza zenyewe taratibu pale samli inapoanza kujitenga, na gesi usipoipunguza wakati ule ule, chini kunashika na sufuria nzima inanuka. Tuliharibu sufuria nne kabla ya kuuzoea moto mpya. Wateja watatu wa zamani walisema ladha imebadilika, wengine hawakusema kitu. Kwa bibi, dirisha sasa liko wazi usiku.

Baada ya mahali kukaa sawa, mengine yalikwenda kwa kasi iliyonishangaza. TIN siku moja. ZRA nikaelekezwa habari za risiti. Kwa ofisi ya ZFDA ya Pemba nilipanda gari ya abiria ya 606 mara tatu tu, mara moja kati ya hizo kwa kosa langu: kwenye lebo mpya niliandika kuwa halua inakaa miezi sita, nikaulizwa, "Umejuaje?" Nilikuwa nimekisia. Nikarudi nyumbani nikaweka vibweta kumi na mbili rafuni, kila kimoja na tarehe yake, nikawa nafungua na kuandika rangi, harufu, samli kama imejitenga. Lebo ya pili nilichapisha mia mbili tu, baada ya kupitishwa. Ina jina, viambato kwa mpangilio wa wingi wake, uzito halisi, tarehe mbili, anuani yetu, na onyo la lozi. Leseni niliipokea mwezi wa kumi na moja 2023.

Hesabu nimeiandika na shoga yangu ameiona: lebo za mwanzo laki tatu, kishoka laki na nusu, banda lililovunjwa milioni moja na nusu, nauli na simu za kurudiarudia kama laki mbili. Ni milioni mbili na laki moja na nusu, zote zimepotea kwa kufanya mambo kinyumenyume. Ada rasmi nilizolipa, zote pamoja, zilikuwa chini ya hizo. Oda ya hoteli nayo ilikwenda, kufika mwezi wa tatu walishapata mtu mwengine, na sikuwalaumu. Tulisimamisha kupika miezi mitano, mdogo wangu akarudi kubeba mizigo bandarini. Hilo halimo kwenye hesabu.

Shoga yangu hali yake si kama yangu. Anatumia tanuri la umeme, moshi hana, lakini TUKUZA yake, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, itakula, basi nimemwambia apime wiki moja uniti zinazokwenda kwa keki ishirini kabla ya kupanga bei. Nyumba ni ya kukodi, kwa hiyo wa kwanza kuandikiwa ni mwenye nyumba, na ridhaa iwe ya karatasi, kwa sababu ridhaa ya mdomo huisha siku mtakayogombana kwa kodi. Dada yake anakaa kwenye maghorofa ya serikali, naye anataka kufungua saluni. Huko juu yako kuna watu, chini yako kuna watu, na maji ya kuoshea nywele yanapita kwenye bomba la wote, aulize kabla hajanunua hata kiti. Na mwenye nyumba Mji Mkongwe ana mlango mmoja zaidi wa kugonga: kule ni urithi wa dunia tangu 2000, na huwezi kutoboa dirisha, kuweka dohani wala kibao cha duka bila ya Mamlaka ya Hifadhi kuridhia.

Nilimtumia yote hayo Jumanne usiku. Hakujibu mpaka jana magharibi, akaniandikia: "Nimetoka kwa jirani. Kumbe ana mtoto mchanga, anasema mashine yangu ya mayai inamwamsha kila usiku na alikuwa akiona haya kuniambia. Tumekubaliana mwisho saa mbili. Kesho asubuhi naenda kwa sheha, karatasi ya mwenye nyumba ninayo. Lebo bado."